Umbo na Asili katika Istilahi za Sura ya Nchi: Uundaji wa Kisiwa-Pete kwa Kompyuta na Mfano wa Nchi ya Bariadi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza istilahi za Kiswahili zinazohitajika katika kufundisha uundaji wa visiwa vyenye umbo la pete kwa programu za kompyuta zinazosawiri sura ya nchi. Hoja inayotetewa ni kwamba programu hizo hutambua umbo tu wala hazitambui asili ya kitu. Kwa hiyo tofauti ya umbo na asili haina budi kutunzwa na istilahi. Ili kuifafanua hoja hiyo, njia mbili za kuunda kisiwa cha aina hii zinaelezwa, na mandhari ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu, inatumiwa kuwa chimbuko la mifano na la baadhi ya maneno.

1.0 Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi za Kiswahili ina historia ndefu. Tangu kuanzishwa kwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, na baadaye Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, jitihada nyingi zimeelekezwa katika kutafuta majina ya vitu na dhana ngeni. Katika uwanja wa kompyuta, hatua iliyo mashuhuri ilifikiwa mwaka 2004, pale wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kazi ile ilionyesha kwamba Kiswahili chaweza kuongoza mkono wa mtumiaji wa kompyuta tangu anapofungua faili hadi anapolihifadhi.

Hata hivyo, programu za ofisi hushughulika na karatasi, barua na hesabu, mambo ambayo Kiswahili kilikuwa na maneno yake hata kabla ya kompyuta. Programu za kusawiri sura ya nchi ni jambo jingine. Programu kama Terragen, iliyoanza kusambazwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na Blender, ambayo hutolewa bure, humwezesha mtumiaji kujenga milima, mabonde, bahari na mawingu kwa hesabu, kisha kuvitoa katika taswira inayokaribiana na picha ya kamera. Ili kuzifundisha programu hizi, mwalimu anahitaji majina ya sehemu za nchi na pia vitenzi vya kuziunda. Zaidi ya hayo, anahitaji istilahi zitakazomzuia mwanafunzi asidhani kwamba kila kinachoweza kuchorwa chaweza pia kutokea.

Kisiwa chenye umbo la pete ni kielelezo kizuri cha tatizo hili. Kukichora ni rahisi: duara, ukingo, na maji ndani na nje. Kukieleza ni vigumu, kwa sababu duniani pete za namna hiyo hutokana na mambo mbalimbali yasiyohusiana. Ugumu huo huongezeka kwa mwanafunzi wa Bariadi, ambaye hukutana na kisiwa hiki katika somo la jiografia la sekondari linalofundishwa kwa Kiingereza, ilhali maarifa yake ya ardhi ameyapata kwa Kisukuma na Kiswahili, na bahari yenyewe huenda hajaiona. Neno analopewa likiwa sauti tupu, taswira ya kompyuta ndiyo itakayokuwa mwalimu wake wa pekee. Hapo ndipo penye hatari.

2.0 Nchi ya Bariadi na msamiati wake

Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza, na makao makuu yake ni Bariadi. Wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, yenye tambarare zinazokatizwa na vilima vya matale. Mto Simiyu na kijito chake Duma huelekea magharibi hadi Ghuba ya Speke katika Ziwa Viktoria, na ni Busega peke yake, miongoni mwa wilaya hizo, inayogusa ufuko wa ziwa hilo.

Mambo matatu katika nchi hii yanahusika na mjadala huu. La kwanza ni vilima vyenyewe. Kilima cha matale kinachosimama peke yake katika tambarare kilipewa jina la Kijerumani lenye maana ya mlima-kisiwa na Wilhelm Bornhardt, mwaka 1900, baada ya uchunguzi wake katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Jina hilo limeenea ulimwenguni kote. Ni jina lililojengwa juu ya umbo: kilima kinafanana na kisiwa, ingawa hakuna bahari. Halisemi lolote kuhusu jinsi mwamba ulivyobaki baada ya udongo na mawe laini ya pembeni kumomonyolewa. Istilahi ya umbo, basi, si kosa. Yaweza kufanya kazi vizuri kwa zaidi ya karne moja, mradi msomaji ajue kwamba ni ya umbo.

Jambo la pili ni udongo. Wakulima wa Kisukuma huainisha ardhi yao kwa kufuata mteremko. Kwa kawaida, karibu na vilima huwa na luseni, yaani udongo wa kichanga. Chini zaidi huwa na itogolo, udongo mgumu usiopitisha maji kwa urahisi. Na bondeni huwa na mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Amani, Usambara, aliupendekezea ulimwengu wa sayansi neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo ili kueleza mfuatano wa namna hii wa aina za udongo kutoka kileleni hadi bondeni. Inafaa kuzingatiwa kwamba neno mbuga limekwisha kuingia katika Kiswahili sanifu, lakini kwa maana pana ya uwanda wa nyasi au hifadhi ya wanyama. Maana ya udongo, ambayo ndiyo anayoijua mkulima wa Bariadi, imebaki nyuma.

Jambo la tatu ni ua wa minyaa. Katika nchi ya Usukuma ni kawaida kuona kaya au zizi lililozungushiwa ua wa mmea huu wenye utomvu mweupe. Tofauti na ukuta wa mawe au wa miti iliyokatwa, ua wa minyaa ni kitu hai: hukua kwenda juu, huziba mapengo yake wenyewe, na huweza kudumu hata baada ya nyumba iliyokuwa ndani kubomoka. Sifa hii itahitajika katika sehemu ya 5.0.

3.0 Pete tatu na asili zake

Kabla ya kuunda kisiwa-pete hapana budi kujua ni kipi kinachoundwa. Karibu na pwani ya Afrika Mashariki, mfano ulio wazi ni Aldabra, katika nchi ya Shelisheli, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982. Aldabra ina urefu wa takribani kilometa 34 na visiwa vinne vikubwa vilivyopangana kuzunguka maji ya ndani yenye kina kifupi. Nchi yake kavu ni chokaa ya matumbawe, na kwa sehemu kubwa haizidi sana meta 8 kutoka usawa wa bahari. Milango inaunganisha maji ya ndani na bahari kuu, na maji hupwa na kujaa kupitia humo.

Pete ya pili ni ile ya volkeno. Mashariki mwa Mkoa wa Simiyu ipo Ngorongoro, ambako sehemu ya juu ya mlima wa volkeno ilididimia na kuacha ukuta wa duara wenye urefu wa takribani meta 600 kuzunguka sakafu ya kilometa za mraba zipatazo 260. Kama mlima huo ungalikuwa baharini, na maji yangaliingia ndani yake, pangalipatikana kisiwa chenye umbo la pete. Hivyo ndivyo ilivyotokea Deception, kisiwa cha volkeno karibu na bara la Antaktika, ambacho meli huingia katikati yake kupitia mlango mmoja mwembamba. Katika bahari hiyo ya barafu matumbawe yanayojenga miamba hayawezi kuishi.

Pete ya tatu ni ile iliyotengenezwa na mtu: zizi, boma, au duara lililochorwa katika kompyuta. Hii hufuata matakwa ya mwenye kuijenga.

Kwa mtazamo wa juu, pete hizi tatu hufanana. Programu ya kompyuta huzipokea zote bila ya swali. Itakubali hata pete ya matumbawe katika Ghuba ya Speke, mbele ya ufuko wa Busega, ingawa matumbawe ni viumbe wa bahari na hayawezi kustawi katika maji baridi ya Ziwa Viktoria. Mwanafunzi aliyepewa neno moja kwa pete zote tatu hana chombo cha kulikataa kosa hilo.

Kuhusu neno lenyewe, wengine huweza kudhani kwamba atoli ni mkopo wa Kiingereza usiofaa. Ukweli ni kwamba Kiingereza nacho kililikopa kutoka Kidhivehi, lugha ya visiwa vya Maldivi, ambavyo mabaharia wa Bahari ya Hindi wamevijua kwa karne nyingi. Kulikataa kwa hoja ya Uzungu ni kulinyima neno la bahari yetu haki ya kurudi nyumbani.

4.0 Njia ya umbo

4.1 Jedwali la miinuko

Msingi wa programu nyingi za kusawiri sura ya nchi ni jedwali la miinuko, yaani safu na nguzo za nukta ambazo kila moja imepewa namba moja: urefu wa ardhi mahali hapo. Jedwali laweza kutokana na vipimo halisi. Mwezi wa Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kilipima kwa rada miinuko ya sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia kwa muda wa siku 11, na vipimo vya Afrika vyenye nukta kila baada ya meta 30 hivi vilianza kutolewa bure mwaka 2014. Vilima vya Bariadi vimo humo. Jedwali laweza pia kutokana na hesabu tupu, na ndivyo inavyofanywa kwa kisiwa-pete.

Tuchukulie jedwali la nukta 1,000 kwa 1,000, kila nukta ikiwa meta 10 kutoka kwa jirani yake. Eneo lote ni kilometa 10 kwa 10. Kwa kila nukta programu hutafuta umbali wake kutoka kitovuni, kisha huutafsiri umbali huo kuwa mwinuko kwa kufuata mkato. Mkato ni mchoro wa ardhi kana kwamba kisiwa kimekatwa kwa kisu kutoka katikati hadi nje. Jedwali 1 linatoa mfano.

Jedwali 1: Mkato wa kisiwa-pete (usawa wa maji = 0)

Umbali kutoka kitovuni — Mwinuko
m 0 — m -30
m 2,800 — m -20
m 3,200 — m -1
m 3,400 — m +3
m 3,600 — m +3
m 3,800 — m -2
m 4,200 — m -200
m 5,000 na kuzidi — m -400

Kati ya vituo hivi programu hujaza kwa uwiano. Nukta iliyo meta 3,300 kutoka kitovuni, mathalani, itapewa mwinuko wa meta +1. Ufuko wa ndani utaangukia umbali wa meta 3,250 na wa nje meta 3,720. Kwa hiyo ukanda wa nchi kavu utakuwa na upana wa meta 470. Ukubwa wa miteremko nao unaonekana: upande wa nje ardhi hushuka kwa takribani digrii 26, na upande wa ndani kwa chini ya digrii 3. Tofauti hii ya pande mbili ndiyo huipa pete sura ya kuaminika. Wanaoanza hukosea kwa kuifanya miteremko yote miwili ilingane, na wanachopata ni tuta la shamba lililopindwa.

Lipo kosa jingine ambalo halionekani hadi taswira itolewe. Jedwali la miinuko mara nyingi huhifadhiwa kama picha ya kijivu, ambamo weusi ni chini na weupe ni juu. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 tu. Ngazi hizo zikigawanywa katika tofauti ya meta 403 iliyopo kati ya sakafu ya bahari na kilele cha pete, kila ngazi itakuwa na meta 1.6 hivi. Nchi kavu yote, yenye urefu wa meta 3, itapata ngazi mbili, na ufuko wake utaonekana kama vidato vya nyumba. Picha ya biti 16 ina ngazi 65,536, na kila ngazi huwa chini ya sentimeta moja. Kwa milima ya kawaida kosa hili laweza kujificha. Kwa kisiwa-pete haliwezi, kwa kuwa kisiwa hiki ni kipana sana na ni kifupi sana.

4.2 Kuyumbisha na kukwaruza

Pete iliyopatikana kwa Jedwali 1 ni duara kamili, kana kwamba imechorwa kwa bikari. Kinachohitajika ni nasibu laini, yaani namba zinazobadilika bila ya mpango unaotabirika lakini bila ya kurukaruka kati ya nukta na jirani yake. Mbinu iliyoenea ni ile ya Ken Perlin, aliyoichapisha mwaka 1985 na kutunukiwa kwayo tuzo ya ufundi ya Akademia ya Filamu ya Marekani mwaka 1997.

Hapa lugha yaweza kumwokoa au kumpoteza mwanafunzi. Nasibu laini yaweza kuongezwa mahali pawili tofauti. Ikiongezwa kwenye umbali, mathalani hadi meta 150 kwenda na kurudi, pete hupinda huku na huku lakini mkato wake hubaki kamili: ukanda wa nchi kavu haukatiki. Ikiongezwa kwenye mwinuko, hata kwa meta 10 tu, nchi kavu yenye meta 3 husambaratika. Sehemu moja huzama na nyingine huwa vichuguu. Kwa kuwa programu nyingi hulitumia jina moja kwa nasibu hiyo popote inapowekwa, ni vyema Kiswahili kivitenganishe vitendo viwili: kuyumbisha (umbali) na kukwaruza (mwinuko). Kanuni itakuwa fupi: kisiwa-pete huyumbishwa sana na hukwaruzwa kidogo.

4.3 Kufungua milango

Pete isiyo na mlango huyafanya maji ya ndani kuwa bwawa. Mlango hufunguliwa kwa kuchagua upande, kisha kuweka sharti kwamba katika ukanda wa upana fulani, tuseme meta 300, mwinuko wowote unaozidi meta -15 ushushwe hadi meta -15. Sehemu ambazo tayari ni za kina kirefu zaidi haziguswi.

Swali la mlango ufunguliwe wapi lina jibu katika msamiati wa mabaharia wa Uswahilini, ambao hutofautisha upande wa goshini, unakotoka upepo, na upande wa demani, unakoelekea. Goshini mawimbi huvunja matumbawe na kurundika vifusi vyake, na nchi kavu hujengeka. Demani mara nyingi ndiko mapengo yalipo. Aldabra, ambayo hupigwa na pepo za kusini-mashariki, ina kisiwa chake kikubwa kabisa upande wa kusini na mashariki, na mlango wake mkuu upande wa kaskazini-magharibi. Programu haiujui upepo. Neno demani linaujua.

4.4 Kuvika

Hatua ya mwisho kabla ya kusawiri ni kuivika ardhi mchanga, mimea na mwamba. Programu hufanya hivyo kwa masharti mawili: mwinuko na mteremko. Mwanafunzi wa Bariadi hana haja ya kufundishwa wazo hili upya, maana mfuatano wa luseni, itogolo na mbuga ni sharti la aina hiyohiyo. Akiambiwa kwamba kila ngazi ya mteremko ina vazi lake, ataelewa mara moja.

Lakini masharti ya Bariadi hayawezi kuhamishiwa baharini jinsi yalivyo. Bariadi mchanga huwa juu na mfinyanzi chini, kwa kuwa mchanga huo ni mabaki ya matale yaliyomeng'enyeka vilimani. Katika kisiwa cha matumbawe mchanga huwa chini, ufukoni, kwa kuwa ni matumbawe na makome yaliyosagwa na mawimbi. Ni mweupe, na mimea huanza juu yake. Vazi hufuata asili, wala si umbo peke yake.

5.0 Njia ya asili

Njia iliyoelezwa hapo juu hutoa taswira nzuri, lakini namba zake hazina sababu. Kwa nini maji ya ndani yawe na kina cha meta 30, na si 300? Jedwali 1 halijibu. Njia ya pili huanza na jibu.

Mwaka 1842 Charles Darwin alieleza kwamba pete ya matumbawe huanza ikiwa ukingo wa matumbawe uliouzunguka mlima wa volkeno baharini. Mlima unapozama polepole, matumbawe, ambayo huhitaji mwanga wa jua, huendelea kujijenga kwenda juu. Mwishowe mlima hutoweka na ukingo hubaki. Uthibitisho ulipatikana mwaka 1952, wakati wachimbaji katika kisiwa cha Enewetak, Visiwa vya Marshall, walipopenya zaidi ya meta 1,200 za chokaa ya matumbawe kabla ya kuufikia mwamba wa volkeno.

Kwa mwanafunzi wa Bariadi maelezo haya yaweza kutolewa bila ya bahari. Na afikirie kilima cha matale kilichopandiwa ua wa minyaa kuzunguka tako lake. Kilima kinadidimia ndani ya mbuga, kidogo kidogo, pamoja na ardhi iliyoushika ua. Lakini ua, kwa kuwa u hai, unakua kwenda juu kwa mwendo uleule, na ncha zake hazipungui. Siku kilima kitakapozama chote, atakayepita ataona duara la minyaa lisilozunguka kitu, na ataghafilika asiyejua kwamba palikuwa na kilima. Mfano huu una mpaka wake: ua hupandwa na mtu, matumbawe hujipanda, na mimea ya kweli haiwezi kuvumilia kuzikwa shina kiasi hicho. Hata hivyo, unahifadhi jambo la msingi ambalo duara la bikari halina, yaani kwamba pete ni kumbukumbu ya kitu kilichokuwa katikati.

Katika kompyuta, njia hii hutekelezwa kwa tabaka mbili. Tabaka la kwanza ni mlima wenye umbo la pia, uliopinduliwa ncha juu, wenye urefu wa meta 600 juu ya maji na nusu-kipenyo cha meta 3,500 kwenye usawa wa maji. Tabaka la pili ni ukingo uliowekwa palepale ufukoni. Kisha mlima hushushwa kwa meta 200 kila hatua, na ukingo huinuliwa kwa kiasi hichohicho ili ubaki kwenye usawa wa maji.

Baada ya hatua ya kwanza, kilele kina meta 400, na ufuko wa mlima umerudi hadi meta 2,333 kutoka kitovuni; kati yake na ukingo pana maji yenye upana wa meta 1,167. Baada ya hatua ya pili, kilele kina meta 200 na nusu-kipenyo cha kisiwa cha kati ni meta 1,167. Baada ya hatua ya tatu, kilele kiko sawa na maji. Kikishushwa kidogo zaidi, pete inabaki peke yake. Wakati huo ukingo una unene wa meta 600. Kilichobaki ni kuyajaza maji ya ndani kwa mchanga unaotokana na ukingo wenyewe, hadi kina cha meta 30 au kinachokaribia hapo. Namba iliyokuwa haina sababu katika Jedwali 1 sasa imeipata.

Mwanafunzi aliyeipitia njia hii ameunda visiwa vitatu badala ya kimoja: kisiwa chenye mwamba ulioshikamana na pwani, kisiwa chenye mwamba uliojitenga, na atoli. Tena anajua kwamba vitatu hivyo ni kisiwa kilekile katika nyakati tofauti.

6.0 Mapendekezo ya istilahi

Kutokana na mjadala huu, istilahi zifuatazo zinapendekezwa zijadiliwe na wataalamu.

Kisiwa-pete: kisiwa chochote chenye umbo la pete, bila ya kujali asili yake. Ni istilahi ya umbo.

Atoli: kisiwa-pete kilichojengwa na matumbawe juu ya mlima uliozama. Ni istilahi ya asili. Kila atoli iliyokamilika yaweza kuitwa kisiwa-pete, lakini si kila kisiwa-pete ni atoli.

Kisiwa-kasoko: kisiwa-pete kilichotokana na volkeno iliyodidimia au kulipuka.

Lagoni: maji ya ndani ya atoli. Neno wangwa laweza kuonekana linafaa, lakini maana yake ya asili ni eneo la pwani linaloachwa wazi maji yanapokupwa. Libaki kwa sehemu hizo za lagoni, lisibebeshwe lagoni nzima.

Mlango: pengo linalounganisha lagoni na bahari kuu.

Jedwali la miinuko, mkato, nasibu laini, kuyumbisha, kukwaruza, kuvika: kama zilivyofafanuliwa katika sehemu ya 4.0.

Kusawiri: kutoa taswira ya mwisho kutokana na jedwali, mavazi, mwanga na maji. Wahakiki wa fasihi wamelizoea neno hili katika usawiri wa wahusika. Uhusiano huo haudhuru: katika fasihi, kama katika kompyuta, kusawiri ni kukifanya kitu kionekane, na anayetazama bado anadai kujua kwa nini kiko hivyo.

Kuhusu luseni na itogolo, inapendekezwa ziingizwe katika msamiati wa kufundishia jiografia ya udongo, na maana ya udongo ya neno mbuga itambuliwe katika kamusi. Kiswahili kimekwisha kufaidika na lugha nyingine za Tanzania kwa maneno kama ikulu, ngeli na kitivo. Hakuna sababu ya maneno ya siasa na ya vyuo kupokewa huku maneno ya wakulima yakiachwa mlangoni.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kisiwa-pete chaweza kuundwa kwa kompyuta kwa njia mbili. Njia ya umbo ni ya haraka na inatosha kwa mwenye kutaka picha. Njia ya asili ni ndefu zaidi, lakini ndiyo inayofaa darasani, kwa kuwa kila namba ndani yake ina sababu. Istilahi zinazotenga umbo na asili humwezesha mwalimu kumuuliza mwanafunzi swali ambalo programu haitamuuliza kamwe: pete hii imetokana na nini?

Imeonyeshwa pia kwamba umbali wa Bariadi na bahari si kikwazo cha kufundisha somo hili. Kilima cha matale, ua wa minyaa na mfuatano wa udongo hutoa mifano inayoeleweka, na maneno ya mabaharia wa pwani hukamilisha pale ambapo bara halina neno. Kazi inayobaki ni kuzijaribu istilahi hizi madarasani, kwa wanafunzi wa bara na wa pwani, ili ijulikane zipi zinaonyesha asili ya kitu na zipi zinahitaji kubadilishwa. Istilahi ambayo mwanafunzi anaweza kuitamka tu, bila ya kuona kwayo, haijamaliza kazi yake.